Dragsta ya 1962 Haivai Rimu za 1975

Wacha nianze na msimamo ndio usome ukijua nimesimama wapi. Ukichukua dragsta ya zamani, ile ya injini mbele, ukaichora ubavuni rangi na majina ya 1962, halafu ukaivalisha rimu za mtindo wa 1975, umedanganya. Usiniambie umeiboresha. Usiniambie ni ladha yako. Umedanganya, tena kwa sauti ya juu, kwa sababu rimu ndiyo kitu ya kwanza macho huendea.

Hiyo hatuhitaji kufunzwa na mtu. Nganya ikipita mbele yako, kabla hujasoma jina lake ushacheki rimu, na kwa hizo rimu ushajua ni ya juzi ama imechoka. Sasa fikiria mtu achukue Volvo PV544 aliyoshinda nayo Joginder Singh Safari ya 1965, aifungie rimu za kromu za inchi 20, halafu akuambie, "Hii ndiyo ile yenyewe." Si ungeangua kicheko? Hicho ndicho kinafanyiwa dragsta za zamani kule Marekani, na picha zake zinatufikia kwa simu tukizipigia makofi.

Kwanza tuelewane ni gari gani hii. Dragsta imejengwa kwa kazi moja tu: kukimbia robo maili, mita 402 hivi, kwa mstari ulionyooka, kuanzia ikiwa imesimama. Kwa ile ya zamani, injini iko mbele na dereva anakaa nyuma kabisa, hata nyuma ya ekseli ya magurudumu ya nyuma. Amekaa kama jiwe kwenye manati kabla halijaachiliwa, na ndio maana Wamarekani waliipa jina la manati. Mickey Thompson wa California ndiye hutajwa sana kama mwanzilishi wa mtindo huo, mwaka wa 1954. Sababu ya kumweka dereva huko ilikuwa uzito: ukibebesha magurudumu ya nyuma uzito mwingi, yanashika lami badala ya kuzunguka bure.

Lakini kaa kwenye hicho kiti kwa akili kidogo. Mbele yako kuna injini ikitema moto na mafuta. Klachi na giaboksi ziko katikati ya miguu yako. Kitu kikipasuka, kinapasukia mapajani. Tarehe 8 Machi 1970, pale Lions Drag Strip, Long Beach, giaboksi ya Don Garlits ililipuka akianza mbio, gari likakatika vipande viwili, na sehemu ya mguu wake wa kulia ikaenda nayo. Garlits hakuacha. Alirudi na gari ambalo injini iko nyuma ya dereva, na mwanzoni mwa 1971 akashinda nalo Winternationals pale Pomona. Baada ya hapo wengine wakafuata mbiombio, na kwa miaka michache tu manati ilikuwa imetoka kwenye daraja la juu la mashindano.

Kumbuka hizo tarehe, kwa sababu hoja yangu yote imekaa hapo. Hii gari ina mwanzo na ina mwisho. Enzi yake ya juu ni kama miaka 17 tu, kutoka 1954 hadi 1971 ama 1972. Na ndani ya hiyo miaka, magurudumu yalibadilika karibu kila msimu. Ndio maana rimu ni kama tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho. Ukibadilisha hiyo tarehe, kitambulisho ni feki hata kama picha ni yako.

Tuanze miaka ya 1950. Hapo watu walikuwa wanatumia walichonacho. Rimu za nyuma zilikuwa za chuma za gari la kawaida, mara nyingi zimekatwa na kuchomelewa tena ndio ziwe pana. Fundi yeyote wa Grogan angeelewa hiyo kazi bila kuelezwa. Mbele unakuta rimu za chuma ama magurudumu ya spoki ya pikipiki. Matairi ya nyuma yalikuwa kipara, na mengi yalikuwa maganda ya zamani yaliyobandikwa mpira mpya. Huku kwetu tairi kipara ni kesi na polisi, lakini kwa lami kavu mpira usio na mifereji unashika zaidi kwa sababu wote unagusa chini.

Wakati huo Ted Halibrand alikuwa tayari anamimina rimu za magnesiamu huko California, na wengi wa waliozitumia walikuwa magari ya mbio za mviringo. Magnesiamu ni nyepesi ajabu. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa karibu gramu 7.9. Ya alumini ni 2.7. Ya magnesiamu ni 1.74. Kwa gari ambalo linashindania sehemu za sekunde, na ambalo kila gurudumu lazima lianze kuzunguka kutoka sufuri, huo si mchezo. Watu wa dragsta wakazikimbilia. Mwaka wa 1956 American Racing ikaanzishwa San Francisco, na mmoja wa waanzilishi wake, Romeo Palamides, alikuwa mtu wa dragsta mwenyewe. Yaani hizo rimu hazikuchorwa na mtu wa matangazo. Zilitoka kwa watu waliokuwa na shida halisi na wakaitatua.

Kufikia miaka ya 1960 mwanzoni, sura ya manati ilikuwa imejitengeneza: nyuma rimu fupi na pana za magnesiamu, zimevaa matairi kipara kama ya M&H Racemaster; mbele magurudumu mawili membamba ya spoki, marefu na mepesi kama ya baiskeli. Na hayo ya mbele hayana breki. Umesikia vizuri: hakuna breki mbele. Kusimama ni breki za nyuma na parachuti. Mbele kulikuwa na kazi moja tu, kuelekeza gari, kwa hivyo kila gramu isiyo na kazi ilitupwa. Hata nati tano za kufunga rimu zilionekana ni uzito wa bure: gurudumu liliingizwa moja kwa moja kwenye ncha ya ekseli, beringi zikiwa ndani ya kitovu chake lenyewe.

Miaka ikisonga, mbele zikaingia pia rimu za kumiminwa za magnesiamu zenye spoki nene 12. Chasisi nazo zikarefuka, kutoka karibu inchi 100 mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi zaidi ya 200 kufikia 1970. Matairi ya nyuma yakapanuka, na katikati ya miaka ya 1960 yakaja yale ya ubavu laini, ambayo gari likiondoka yanajikunja kama kitambaa halafu yanajinyoosha. Mwaka wa 1964 Garlits akapita maili 200 kwa saa, hiyo ni kama kilomita 322, pale Island Dragway, New Jersey.

Halafu sasa miaka ya 1970 ikaja na zile rimu za bamba la alumini, zimefungwa kwa mabolti mviringo mzima, zinang'aa kama sinia la harusi. Ni rimu poa sana. Sina ubaya nazo. Shida ni kwamba zilitawala wakati manati ilikuwa ishaondoka ama inaondoka. Kuziweka kwa dragsta ya 1962 ni kama kumpiga babu yako picha ya harusi yake ya 1962 akiwa ameshika simu ya kubonyeza.

Najua majibu yatakayokuja. Ninayasikia kila mara, kwa hivyo tuyapange moja moja.

La kwanza: "Gari ni yangu, nitaweka ninachotaka." Sawa. Weka hata rimu za trekta, pesa ni zako. Lakini basi usiliite gari la 1962. Tofauti iko hapo. Ukitengeneza gari lako, na jina lako, na rangi zako, hakuna mtu ana neno. Ukilipaka rangi za Greer, Black na Prudhomme, ile dragsta iliyosumbua watu California kuanzia 1962, umetoa dai. Unaniambia hivi ndivyo ilivyokuwa. Chasisi ya Kent Fuller, injini ya Keith Black, Don Prudhomme kwenye kiti akiwa bado kijana mdogo: hizo ni kazi za watu, si mapambo yako. Ukitumia jina lao, vaa viatu vyao.

La pili lina akili kidogo: "Hata wao walikuwa wanabadilisha rimu kila wiki, kwa hivyo hakuna kitu kama rimu sahihi." Nusu ya kwanza ni kweli kabisa. Dragsta ilikuwa chombo cha kazi. Rimu ikipasuka Jumapili, Jumapili inayofuata wanaazima ya jirani. Wakipata pesa, wananunua mpya. Gari moja linaweza kuwa na spoki mwezi wa tatu na rimu za kumiminwa mwezi wa tisa. Lakini angalia hiyo hoja inakupeleka wapi. Inamaanisha lazima uchague siku moja, si kwamba siku zote ni sawa. Hakuna aliyewahi kuazima rimu ambayo haijatengenezwa. Mtu wa 1962 angeweza kuchagua kati ya vitu vingi, lakini cha 1975 hakikuwa dukani.

La tatu ndilo huniuma, kwa sababu linatoka kwa watu kama sisi: "Hiyo usahihi ni ya matajiri. Rimu za magnesiamu za zamani ni bei ya shamba." Ni kweli za asili ni ghali. Lakini nani alikuambia usahihi ni magnesiamu? Hiyo ni hadithi ya wauzaji. Kumbuka nilivyosema: rimu za chuma zilizopanuliwa kwa kuchomelewa ni za enzi yake kabisa. Kijana wa 1957 ambaye baba yake hakuwa na pesa hakukimbia na Halibrand. Alikimbia na chuma. Ukitengeneza dragsta ya msee wa kawaida wa 1957 na ukaipa rimu za chuma, umesema ukweli zaidi ya tajiri aliyejaza kila kona magnesiamu iliyosuguliwa mpaka ikawa kioo. Na hiyo ni kosa lingine: magnesiamu ya mbio haikuwa kioo. Ilikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia, ama ile hudhurungi ya dawa ya kuzuia kutu. Kung'arisha kila kitu ni kumwosha mkulima wa picha ya zamani akae kama bwana harusi.

La nne ndilo la maana kuliko yote, na hapo sitaki mzaha: usalama. Magnesiamu inazeeka vibaya. Unyevu unaila kutoka ndani, nyufa zinaanza mahali jicho halioni, na rimu inayoonekana fiti inaweza kuachana vipande ikizunguka kwa kasi. Na ikishika moto, ukiimwagia maji unauongeza, kwa sababu magnesiamu inayowaka huvunja maji na kutoa hidrojeni. Kwa hivyo kuna watu huniambia, "Unaona? Afadhali rimu mpya za kisasa kuliko mtu kufa kwa sababu ya historia."

Nakubali neno kwa neno kwamba hakuna picha yenye thamani ya mguu wa mtu. Garlits alilipa hiyo bei, na kuna waliolipa zaidi. Lakini hiyo hoja inachanganya vitu viwili, mtindo na metali. Ukitaka gari litembee, tafuta rimu mpya iliyomiminwa kwa alumini kwa umbo lile lile la zamani: madirisha yale yale yenye umbo la figo, spoki zile zile 12, upana ule ule. Zipo, kuna watu wanazitengeneza. Macho yanapata 1962, dereva anapata metali ya leo. Zile za asili ziache kwenye gari linalosimama tu, ama uzitundike ukutani. Na kama lazima ya asili iguse lami, hata kwa kusukumwa polepole, ipimwe kwanza na mtu anayejua, kwa dawa ya rangi inayopenya kwenye nyufa ama kwa eksirei. Fundi wa kugonga na nyundo akisikiliza mlio hatoshi.

Halafu tusichanganye na magari mapya ya injini mbele yanayokimbia leo kwenye mashindano ya kukumbuka zamani. Yale yanakimbia kweli, kwa kasi ambayo watu wa 1962 hawakuiota, na yanahitaji rimu za leo zenye cheti cha usalama. Hakuna anayesema yalitengenezwa 1962. Hayo wacha kabisa. Ninaongea juu ya gari linalojiita la zamani, kama yale yanayopangwa Bakersfield, California, usiku, yakisukumwa mpaka injini ziwake halafu yanasimama tu yakinguruma na kutema moto, watu wazima wakilia machozi ya nitro. Hapo hakuna saa inayopima kasi. Kwa hivyo kisingizio cha mbio hakipo. Kilichobaki ni ukweli ama uongo.

Basi mtu achague vipi? Si sayansi ya roketi, ni nidhamu tu.

Chagua mwaka kwanza, kabla hujaangalia rimu hata moja. Ukiweza, chagua siku: mbio fulani, uwanja fulani, picha fulani. Tafuta picha zaidi ya moja ya gari hilo siku hiyo, kwa sababu upande wa kushoto na wa kulia wakati mwingine hazifanani. Hesabu spoki. Angalia kama mbele kuna nati ama kitovu kitupu. Angalia urefu wa chasisi, ndio usiweke matairi mapana ya 1969 kwa kigari kifupi cha 1958. Angalia ukingo wa rimu ya nyuma kama kuna skrubu, kwa sababu walikuwa wanapiga skrubu kupitia rimu hadi kwenye tairi ili rimu isizunguke peke yake tairi likibaki nyuma. Ukishapata jibu, weka hilo. Usipopata, shuka chini: chagua kitu cha kawaida zaidi cha mwaka huo, si kitu cha kifahari zaidi. Ukikosea kwa kuwa wa kawaida, umekosea kidogo. Ukikosea kwa kuwa wa kifahari, umebuni tajiri ambaye hakuwepo.

Mtu ataniuliza, kwani wewe wa Nairobi inakuhusu nini? Inanihusu kwa sababu mimi na wewe hatutaenda kuuliza wazee wa Long Beach ilikuwaje. Lions yenyewe ilifungwa Desemba 1972. Tulichonacho ni picha, video, magari kwenye michezo ya simu, na sasa picha za kompyuta zilizobuniwa kutoka kwa picha zingine. Gari moja likitengenezwa vibaya, likapigwa picha elfu moja, hizo elfu moja ndizo zinakuwa historia. Mtoto wa kesho akitafuta "dragsta 1962" ataletewa sinia la harusi la alumini, na ataamini. Kompyuta nayo itaamini. Ile picha moja ya kweli, nyeusi na nyeupe, yenye magurudumu membamba ya spoki na msee aliyekaa nyuma ya injini bila breki mbele, itaonekana ndiyo feki.

Na kitakachopotea si rimu. Kitakachopotea ni jinsi watu walivyofikiria: kwamba ukiwa huna pesa unakata chuma na kuchomelea, kwamba ukitaka kasi unatoa breki mbele na kuomba parachuti ifunguke, kwamba kila gramu iliulizwa ina kazi gani. Yote hayo yameandikwa kwenye magurudumu manne.

Kwa hivyo ukikutana na dragsta ya injini mbele kwenye simu yako leo, kabla ya kubonyeza moyo, angalia mbele kama kuna spoki ama nati tano, angalia nyuma kama kuna sinia linalong'aa, halafu muulize mwenyewe swali moja tu: hii ni ya mwaka gani? Akikujibu bila kusitasita, mpe moyo wake. Akianza kukuambia ilimgharimu pesa ngapi, pita.